Kigeu Kisichogeuka: Kuhesabu bila Kumbukumbu katika Lugha ya XSLT

Katika kamusi ya Kiswahili neno paa haliwezi kuingizwa mara moja tu. Yuko paa, mnyama mdogo wa jamii ya swala. Liko paa la nyumba. Na kuna kitenzi paa chenye maana ya kwenda juu angani. Maneno haya yanalingana kwa umbo na kuachana kwa maana, na mtunga kamusi huyatenga kwa kuyapa tarakimu: paa 1, paa 2, paa 3. Tarakimu hizo ni ndogo kwa macho, lakini mzigo wake si mdogo. Chini ya kidahizo ezeka msomaji huambiwa atazame paa 2, na ikiwa tarakimu imekosewa, mtu aliyekuwa akitafuta makuti na mabati atapelekwa mwituni kwa swala. Kosa la namna hii halionekani kwa msahihishaji anayesoma ukurasa mmoja mmoja, maana kila ukurasa peke yake ni sahihi.

Siku hizi kamusi nyingi, na matoleo mengi ya tenzi na hati za kale, hutayarishwa kwa kompyuta katika hali ya maandishi yaliyotiwa alama. Kila kidahizo, kila fasili, kila ubeti na kila mshororo hufungwa ndani ya alama zinazokitaja jina lake, bila kusema lolote juu ya sura kitakayokuwa nayo kwenye karatasi. Sura hiyo huelezwa mahali pengine, katika waraka wa mitindo. Miongoni mwa lugha za kuandikia nyaraka za namna hiyo, XSLT imeenea sana kwa wahariri wa matini. Mradi wa Text Encoding Initiative, ambao miongozo yake ina sura nzima juu ya kamusi, hutoa nyaraka zake za mitindo katika lugha hiyo. Basi mwanachuoni wa Kiswahili anayetaka kuihariri kazi yake mwenyewe, bila kuikabidhi yote kwa fundi, hana budi kukutana nayo. Na akikutana nayo, jambo la kwanza litakalomtatiza ni hili linaloelezwa hapa.

Sharti lenyewe ni fupi: katika XSLT hakuna kupachika thamani. Maana yake yafahamika vizuri zaidi kwa kuanza na lugha zilizotangulia. Katika hesabu za shuleni mlingano N = N + 1 ni uwongo mtupu, kwa kuwa hakuna namba inayolingana na nafsi yake baada ya kuongezwa moja. Lakini katika FORTRAN, lugha iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957, maandishi hayo hayo ni amri halali. Husomwa hivi: chukua kilichomo katika kisanduku kiitwacho N, ongeza moja, kisha ukirudishe humo humo na kukifuta kilichokuwamo. N hapa si jina la namba, bali ni jina la mahali ambapo namba hukaa kwa muda. Lugha nyingi zilizofuata zimeurithi mtindo huu, na mtu aliyejifunza kupanga programu kwa njia hiyo huuona kuwa ndiyo maumbile ya kompyuta.

Mtu huyo akipewa kazi ya kuhesabu vidahizo, ataandika hivi bila kusita:

<xsl:variable name="n" select="0"/>

<xsl:template match="kidahizo">
  <xsl:variable name="n" select="$n + 1"/>
  <xsl:value-of select="$n"/>
</xsl:template>

Kichakataji hakitalalamika. Kitaipokea kazi, kitaifanya, na kila kidahizo katika kamusi nzima kitapewa namba 1. Sababu ni kwamba n zilizoandikwa hapo ni mbili, wala si moja. Ile ya juu ina thamani 0, na itabaki nayo hadi mwisho. Ile ya ndani huzaliwa kila kiolezo kinapoitwa, hupewa 0 ongeza 1, huishi ndani ya mawanda ya kiolezo hicho, na hufa pamoja nacho. Ya ndani huificha ya nje, haiibadilishi. Kidahizo cha pili hakijui kwamba cha kwanza kiliwahi kupita.

Kosa jingine lililo ndugu ya hilo ni la kutangaza kigeu ndani ya sharti. Mwanafunzi hutaka kusema: ikiwa kidahizo ni kitenzi, alama iwe kt, ikiwa ni nomino, alama iwe nm. Huandika masharti mawili, na ndani ya kila moja hutangaza kigeu alama. Halafu, baada ya masharti kufungwa, hukitafuta kigeu hicho na kuambiwa hakipo. Dawa yake ni kupindua mpangilio: badala ya kuweka matangazo ndani ya sharti, huwekwa sharti ndani ya tangazo. Kigeu hutangazwa mara moja, na katika tumbo lake huwekwa xsl:choose inayoamua thamani itakayokuwa. Hili ni jambo dogo, wala halistahili maneno mengi, ila linaonyesha mwelekeo wa lugha yenyewe. Swali haliwi tena nifanye nini kisha nini. Swali ni kitu hiki ni nini.

Hapa pana tatizo la istilahi, na wasomaji wa jarida la lugha watakuwa wameliona tayari. Neno kigeu latokana na kugeuka. Na kitu hiki hakigeuki. Je, jina limekosewa? Yaonekana halikukosewa, ila yafaa ijulikane kinageuka wapi. Katika sentensi Kila mtunzi husifu utenzi wake, neno wake halimrejelei mtu mmoja. Humrejelea kila mtunzi kwa zamu yake. Lakini ndani ya zamu moja halihami: haiwezekani kuanza na utenzi wa mtunzi mmoja na kumaliza na wa mwingine. Wanamantiki huiita hali hii kufungwa kwa kigeu, na kigeu cha XSLT ni cha namna hiyo hasa. Hutofautiana kutoka wito hadi wito wa kiolezo. Ndani ya wito mmoja ni imara. Kwa maana hiyo ni kigeu cha hisabati, nacho ndicho cha asili. Kile cha FORTRAN ndicho kilichoazima jina na kulitumia kwa jambo jingine.

Sharti hili halikutokea kwa bahati mbaya, wala si ufupi wa mawazo wa waliotunga lugha. Kiwango cha SGML kilitolewa na shirika la kimataifa la viwango, ISO, mwaka 1986, nacho kilihusu kutia alama tu. Kwa ajili ya mitindo kilifuatwa mwaka 1996 na kiwango kingine, ISO/IEC 10179, kiitwacho DSSSL. Lugha ya DSSSL ilijengwa juu ya Scheme, ambayo Guy Steele na Gerald Sussman waliibuni katika chuo cha MIT mwaka 1975 wakifuata mawazo ya mwanamantiki Alonzo Church ya miaka ya 1930. Scheme yenyewe inayo njia ya kupachika thamani. Waliotunga DSSSL waliiondoa, wakabakiza fanksheni tupu. James Clark, aliyetengeneza programu ya Jade kwa ajili ya DSSSL, ndiye baadaye aliyehariri XSLT 1.0, iliyotolewa na shirika la W3C tarehe 16 Novemba 1999, mwaka mmoja na miezi tisa baada ya XML yenyewe. Mabano mengi ya Scheme yaliachwa, zikashikwa alama za XML. Lakini sharti la kutopachika lilihamia nyumba mpya pamoja na samani zake.

Kwa nini lilibakizwa? Jibu lahitaji kurudi kwa wanafalsafa wa lugha. Mwaka 1892 Gottlob Frege aliuliza inakuwaje nyota ya asubuhi na nyota ya jioni kuwa majina mawili ya kitu kimoja, yaani Zuhura, na bado kuwe na sentensi ambamo jina moja haliwezi kuwekwa mahali pa jingine bila kuharibu ukweli. Katika sentensi Zuhura iko karibu na jua, jina lolote kati ya hayo lafaa. Katika Asha anaamini kwamba nyota ya asubuhi si nyota ya jioni, kubadilishana majina kunaleta upuuzi. W. V. Quine aliziita sentensi za aina ya kwanza kuwa zenye uwazi wa kimarejeo, na Christopher Strachey, katika mihadhara yake ya mwaka 1967, akalihamishia wazo hilo kwenye lugha za kompyuta. Usemi ulio wazi ni ule ambao waweza kuondolewa na kuwekwa thamani yake, popote ulipo, na maana isiharibike. Programu yenye N = N + 1 haina uwazi huo, maana N ya mstari wa kumi si N ya mstari wa ishirini, na msomaji hawezi kujua N ni nini mpaka aifuate programu yote tangu mwanzo kama mtu anayefuata nyayo mchangani.

Aliyelisema jambo hili kwa ukali zaidi ni John Backus, na kauli yake ina uzito wa pekee kwa kuwa ndiye aliyekiongoza kikundi kilichotunga FORTRAN. Alipopokea tuzo ya Turing mwaka 1977 alitumia hotuba yake kuishutumu amri ya kupachika, akiiona kuwa ndiyo shingo nyembamba ya chupa ambayo fikra zote hulazimishwa kupita, neno moja moja. Ni nadra kwa fundi kuibomoa nyumba yake mwenyewe mbele ya waliokuja kumpongeza kwa kuijenga.

Katika waraka wa mitindo uwazi huu una faida iliyo dhahiri. Ikiwa thamani ya kila sehemu haitegemei kilichofanyika kabla yake, kichakataji kina uhuru wa kushughulikia herufi P kabla ya A, au kuzigawa herufi kati ya vichakataji kadhaa, mradi matokeo yatoke katika mpangilio uliotakiwa. Mhariri naye anayetaka kupiga chapa herufi P peke yake, ili iwe sampuli ya kusomwa na wenzake, hupata tarakimu zile zile zitakazokuwamo katika kamusi kamili.

Turudi basi kwa paa. Vidahizo vitatu vimeandikwa hivi katika matini:

<kidahizo xml:id="paa-swala"><umbo>paa</umbo> ... </kidahizo>
<kidahizo xml:id="paa-nyumba"><umbo>paa</umbo> ... </kidahizo>
<kidahizo xml:id="paa-ruka"><umbo>paa</umbo> ... </kidahizo>

Na tarakimu ya kila kimoja hupatikana kwa kiolezo hiki:

<xsl:template match="kidahizo" mode="namba">
  <xsl:value-of select="count(preceding-sibling::kidahizo[umbo = current()/umbo]) + 1"/>
</xsl:template>

Maneno ya kiolezo hiki yanasomeka kama fasili ya mwanasarufi. Namba ya kidahizo ni idadi ya vidahizo vilivyokitangulia vyenye umbo kama lake, ukiongeza moja. Hakuna kinachokumbukwa. Matini yote imesimama mbele ya kichakataji kama mti, ule ule ambao wanaisimu huuchora wanapochanganua sentensi, na kila kifundo kinaweza kutazama kulia, kushoto, juu na chini. Aliye na mti mzima mbele yake hana haja ya kuhesabu kwa vidole.

Nguvu ya njia hii haionekani mpaka ifikiwe ile rejeo ya ezeka. Herufi E hutangulia P. Programu inayohesabu kwa kuongeza moja moja, inapofika ezeka, bado haijakutana na paa hata mmoja, na kwa hiyo haijui paa la nyumba litakuwa la ngapi. Hili si tatizo la kubuni. LaTeX, ambayo Leslie Lamport aliitunga katika miaka ya 1980 juu ya TeX ya Donald Knuth, huhesabu kwa vihesabio vinavyoongezwa, na ndiyo sababu watumiaji wake huipitisha kazi zaidi ya mara moja: mara ya kwanza tarakimu huandikwa katika faili la pembeni, na mara inayofuata husomwa kutoka humo. Asiyejua hili huona alama za kuuliza mahali pa rejeo zake na kudhani mashine imeharibika. Katika XSLT rejeo huandikwa hivi:

<xsl:key name="kwa-jina" match="kidahizo" use="@xml:id"/>

<xsl:template match="tazama">
  <xsl:apply-templates select="key('kwa-jina', @rejeo)" mode="namba"/>
</xsl:template>

Yaani: nenda kwa kidahizo kinachotajwa, ukiulize namba yake. Swali lile lile huulizwa kutoka E na kutoka P, kabla na baada, na jibu ni moja, kwa kuwa jibu latokana na mahali pa kidahizo katika kamusi, wala si saa ambayo swali limeulizwa. Katika kazi yenye maelfu ya rejeo, tofauti hii ndiyo inayoamua kama mhariri ataweza kuziamini rejeo zake au itambidi azikague moja moja kwa macho.

Si haki kueleza faida na kunyamazia gharama. Kiolezo kilichoandikwa hapo juu humtaka kila kidahizo ageuke nyuma na kuwatazama wote waliomtangulia. Kamusi ikiwa na vidahizo 20,000, ulinganishaji utakaribia milioni 200, na kichakataji kitachelewa. Ndiyo maana lugha ilitoa xsl:key, ambayo ni kama faharasa iliyotengenezwa mapema: ikiwekwa faharasa ya vidahizo kwa umbo, kila paa hutazama kikundi cha paa tu, watatu, na kuhesabu waliomtangulia humo. Fasili ni ile ile; njia ya kuifikia ndiyo iliyofupishwa. Steve Muench alionyesha jinsi faharasa hizo zinavyoweza kutumika kukusanya vitu katika makundi, na kwa miaka kadhaa njia yake ilikuwa karibu lazima kwa kila aliyetaka kuweka vichwa vya A, B, Ch juu ya sehemu za kamusi. XSLT 2.0, iliyohaririwa na Michael Kay na kutolewa mwaka 2007, ilileta xsl:for-each-group, na ustadi ule ukawa jambo la historia.

Juu ya vichwa vya herufi yafaa kutajwa mtego mmoja, kwa kuwa huwanasa hata waliozoea. Aliyezuiwa kukumbuka herufi ya kidahizo kilichopita hujifunza upesi kumtazama jirani: ikiwa herufi yangu ya kwanza si ya jirani aliyenitangulia, niweke kichwa. Hilo ni sawa. Lakini jirani anayetazamwa ni jirani katika matini ya asili, na si katika orodha iliyopangwa upya. Ikiwa vidahizo viliandikwa kwa mpangilio wowote na xsl:sort ndiyo iliyovipanga kialfabeti wakati wa kupiga chapa, basi preceding-sibling itamleta jirani wa zamani, na vichwa vitatawanyika ovyo. Kwa upande mwingine, position() hufuata mpangilio mpya. Maneno mawili yanayoonekana kuwa ndugu hujibu maswali mawili tofauti, na mwenye kuyatumia sharti ajue anauliza lipi.

Ziko kazi ambazo kutazama mti hakutoshi. Mfano ulio karibu na wasomaji hawa ni kuhesabu mizani ya mshororo. Mtu wa haraka atasema: silabi za Kiswahili ni wazi, basi hesabu irabu. Na kweli hilo lawezekana bila kigeu chochote. Huondolewa irabu zote kwa translate, kisha urefu wa mabaki hutolewa katika urefu wa mwanzo. Lakini mtoto ana irabu mbili na mizani tatu. M iliyo mbele ya konsonanti aghalabu husimama peke yake kama silabi, ila si mbele ya w, kama katika mwana. Kwa hiyo herufi haziwezi kuhesabiwa kwa jumla. Hapana budi kuzipitia moja moja, kila moja ikitazamwa pamoja na inayoifuata. Na kupitia moja moja, kwa mtu wa FORTRAN, ni kihesabio kinachoongezwa.

Katika lugha ya kifanksheni kazi hiyo hufanywa na kiolezo kinachojiita chenyewe. Mizani ya neno ni mizani ya herufi yake ya kwanza, ukijumlisha na mizani ya herufi zilizobaki. Na mizani ya neno tupu ni sifuri. Likipewa mtoto, huenda hivi:

hesabu(mtoto) = 1 + hesabu(toto)
hesabu(toto) = hesabu(oto)
hesabu(oto) = 1 + hesabu(to)
hesabu(to) = hesabu(o)
hesabu(o) = 1 + hesabu(tupu)
hesabu(tupu) = 0

Jumla ni 3. Kila mstari una neno lake, na neno la mstari mmoja halikubadilishwa kuwa la mstari unaofuata. Mstari unaofuata umepewa neno jipya, kama parameta, kwa xsl:with-param. Kilichokuwa badiliko la wakati kimekuwa mfululizo wa miito, na mfululizo huo waweza kuandikwa wote kwenye karatasi na kukaguliwa kwa kidole. Mwanafunzi anayekwama hushauriwa afanye hivyo hasa.

Njia hii ina faida nyingine kwa mwanaisimu: humlazimisha kuitamka kanuni yake kikamilifu. Ukiiandika kanuni ya m utafika mara moja kwenye mb, na hapo lugha yenyewe itakukatalia. Katika mtu mbaya, m ni kiambishi cha ngeli nayo ni silabi, kwa hiyo mbaya ina mizani tatu. Katika habari mbaya, mb ni sauti moja, na mizani ni mbili. Tahajia hazitofautiani hata kwa nukta. Hakuna kigeu, kiwe kinachogeuka au kisichogeuka, kitakachoamua. Itambidi mhariri atie alama katika matini yake, na hiyo ni kazi ya mwanachuoni, si ya mashine.

Mshororo wa utenzi una mizani minane, na kiolezo kikijiita mara ishirini hakuna hatari. Lakini kikitumiwa kupitia orodha ya vidahizo 20,000, kimoja baada ya kimoja, kila wito humngoja unaofuata umalize, na baadhi ya vichakataji huishiwa na nafasi. Wanaojua hugawa orodha katikati, wakaita kiolezo kwa kila nusu, na nusu ya nusu. Kwa njia hiyo kina cha miito hakizidi kumi na tano au kumi na sita badala ya elfu ishirini. XSLT 3.0, iliyotolewa tarehe 8 Juni 2017, imeleta xsl:iterate, ambayo kwa macho hufanana na mzunguko wa lugha za zamani: kila hatua hukabidhi hatua inayofuata thamani mpya za parameta. Wako waliodhani kwamba sharti la kale limelegezwa. Halikulegezwa. Thamani mpya hukabidhiwa, ya zamani haifutwi, na kilichopunguzwa ni uchovu wa kuandika tu. Aliyelivunja sharti waziwazi, kwa namna ya kushangaza, ni Kay mwenyewe, ambaye kichakataji chake cha Saxon kina nyongeza iitwayo saxon:assign kwa wale wasioweza kustahimili, pamoja na nasaha ya kutoitumia.

Limebaki jambo moja ambalo linawahusu wahariri wa tenzi zaidi ya watunga kamusi. Imesemwa kwamba namba hutokana na mahali. Ni kweli, na ndiyo sababu namba huhama mahali panapohama. Tenzi za kale zimenakiliwa na mikono mingi, na nakala hazilingani kwa idadi wala kwa mpangilio wa beti. Mhariri akiuchapisha utenzi kwa nakala moja, na miaka mitano baadaye ikapatikana nakala nyingine yenye ubeti uliopotea baada ya ule wa 40, ataupachika mahali pake. Na papo hapo, bila onyo, kila ubeti kuanzia wa 41 utaongezewa moja. Katika toleo jipya rejeo zote za ndani zitakuwa sahihi, kwa kuwa zimeulizwa upya. Lakini makala zilizoandikwa na watu wengine katika miaka hiyo mitano, zikitaja ubeti wa 57, zitakuwa zinamwelekeza msomaji kwa ubeti mwingine. Hapo ule uwazi uliosifiwa hauwezi kusaidia, maana makala hizo hazimo katika mti.

Kwa hiyo namba ya kurejelewa na wanachuoni haifai kuachiwa kiolezo. Yafaa iandikwe ndani ya matini, kama sifa ya ubeti, mara moja na kwa kudumu. Na ubeti uliopatikana baadaye upewe 40a, kama walivyofanya wahariri wa vitabu vya kale tangu zamani. Kiolezo hubaki na kazi ya kuhesabu kwa mahali na kulinganisha: penye hitilafu kati ya namba iliyoandikwa na iliyohesabiwa, kichakataji kiitangaze kwa xsl:message, na mhariri aitazame. Na katika kamusi, rejeo iliyo chini ya ezeka iandikwe paa-nyumba, isiandikwe 2.